Kubadilisha mauntingi za injini nyumbani bila kuiacha injini ikining'inia

Injini na giaboksi ya gari dogo kama Toyota IST, Vitz au Corolla zina uzito wa zaidi ya kilo 100, na uzito huo haugusani na bodi moja kwa moja, bali umeegemea vipande vitatu au vinne vya mpira ulioshikamanishwa na chuma. Vipande hivyo ndivyo mafundi wetu wanavyoviita mauntingi. Zina kazi mbili: kuibeba injini, na kuizuia isijipindue pale inapozungusha magurudumu, huku mpira ukiumeza mtetemo usifike kwenye usukani na viti. Mpira ukichoka, injini huanza kucheza ndani ya chumba chake, na kila inapocheza huvuta mipira ya rejeta, nyaya, bomba la ekzosi na draivishafti (fimbo zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu), ambazo hazikutengenezwa ili kuvutwa.

Huku kwetu mpira huo una maadui wake wa pekee. Anayeishi Mtwara mjini, Mikindani au Lindi anaijua kutu inayoletwa na upepo wa bahari, ambayo huanza kuyala makava ya chuma yanayoushika mpira kabla hata mpira wenyewe haujachanika. Anayepanda kwenda vijijini Newala na Tandahimba msimu wa korosho anazijua barabara za vumbi zenye mawimbi kama bati, na anayesafiri mara kwa mara kwenda Dar es Salaam anayajua matuta ya kila kijiji. Hata hivyo, kwa magari niliyopata kuyafungua, muuaji mkubwa kuliko wote amekuwa oili. Gasiketi ya tapeti kava, yaani ya kifuniko cha juu cha injini, inayovuja polepole hudondosha oili juu ya mauntingi ya upande wa injini, na mpira unaolowa oili miezi na miezi huvimba, hulainika kama embe lililopitiliza, kisha huachana na chuma. Ukibadilisha mauntingi bila kuziba mvujo huo, umenunua miezi michache tu.

Kazi yenyewe inaweza kufanywa nyumbani na mtu mwenye vifaa vya kawaida na subira. Ugumu wake uko mahali pamoja: lazima ujue kila dakika uzito wa injini umekaa juu ya nini. Fundi mmoja aliyewahi kunifungia mauntingi ya giaboksi aliikaza bolti ya mwisho injini ikiwa bado imeinuliwa na jeki, na gari likaondoka gereji likitetemeka kuliko lilivyoingia. Mauntingi ilikuwa mpya na nzuri, ila ilikuwa imefungwa ikiwa imepinda, na mpira uliopindwa tangu siku ya kwanza haupumziki tena. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuliepuka kosa hilo.

Kwanza hakikisha kwamba ni mauntingi

Mtetemo una sababu nyingi, na watu wengi hubadilisha mauntingi zote kisha hugundua kwamba plagi moja ilikuwa haichomi. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, liwashe gari, lipate joto, kisha ulisikilize likiwa kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta. Ikiwa mlio wa injini wenyewe hauna mpangilio, unapanda na kushuka au unakatika kama mtu mwenye kwikwi, na gari linatetemeka kwenye N (bila gia) sawasawa na kwenye D (gia ya mbele), anza na plagi, koili na uchafu wa kwenye throto, mlango wa hewa wa injini. Ikiwa mlio ni tulivu, lakini usukani na kioo cha kati hutetemeka mara tu unapoweka D huku umekanyaga breki, na hutulia ukirudisha N, hapo mauntingi inastahili kushukiwa. Dalili nyingine ni kishindo kimoja kizito unapobadilisha kutoka R (gia ya kurudi nyuma) kwenda D, unapoondoka kwa nguvu, au unapozima injini. Kugonga kunakosikika ukipita kwenye mashimo kwa kawaida hutoka kwenye miguu ya gari, na mlio wa tak-tak-tak unapokata kona ni wa jointi za draivishafti. Hivyo viwili usivitibu kwa mauntingi.

Jaribio la kuthibitisha linahitaji watu wawili. Egesha gari mahali tambarare ambapo hakuna mtu wala ukuta mbele au nyuma yake, weka vizuizi kwenye magurudumu, vuta hendibreki, kisha fungua boneti. Msaidizi aketi kwenye usukani, akanyage breki mpaka mwisho na aweke D, kisha aguse mafuta kidogo kwa sekunde mbili au tatu tu na kuachia. Halafu arudie kwa R. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele ya gari, na uangalie injini. Kwa magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, ambayo injini yake imelala kwa upana, ukiweka D sehemu ya juu ya injini huinamia nyuma kuelekea kwa dereva, na ukiweka R huinamia mbele. Kujongea kidogo ni kawaida, kwa kuwa mpira ni mpira. Injini ikiruka kiasi cha inchi nzima au zaidi, au ikitua kwa kishindo, ipo mauntingi iliyoachia. Kwa gari la gia za mkono, msaidizi aweke gia ya kwanza na kuachia klachi taratibu mpaka aone injini inataka kuvuta, kisha aikanyage tena mara moja.

Baada ya hapo zima injini, chukua tochi, uzikague mauntingi moja baada ya nyingine. Tafuta mpasuko unaoingia ndani, kwani mikunjo midogo ya juu juu ni ya uzee na haina neno. Angalia kama mpira umeachana na chuma. Ncha ya bisibisi butu itakuonyesha pale inapopenya. Tazama kama chuma cha katikati bado kiko katikati au kimezama upande mmoja. Baadhi ya mauntingi za upande wa injini zina maji maalumu ndani ili zimeze mtetemo zaidi, na zikipasuka huacha michirizi myeusi chini yake, ambayo watu wengi huidhania kuwa oili. Mahali ambapo chuma kimekwanguliwa mpaka kinang'aa, ujue hapo chuma kimekuwa kikigonga chuma.

Kununua

Andika namba ya chesisi kabla hujaenda dukani au kabla hujampigia mtu simu Kariakoo akutumie mzigo kwa basi. IST pekee ina aina zinazotofautiana: NCP60 ina injini ya 1.3, NCP61 ya 1.5, na NCP65 ni ya 1.5 inayovuta magurudumu yote manne. Mauntingi ya gari la gia za kujiendesha na ile ya gia za mkono pia hazifanani kila mara, hata kama magari yenyewe yanafanana kama mapacha. Mwuzaji anayekuuliza jina la gari peke yake, akaishia hapo, anabahatisha, na nauli ya kurudisha mzigo utalipa wewe.

Kuhusu mauntingi zilizotumika zinazotoka Japani, mimi huzikwepa, japo nafahamu kwamba bei yake inashawishi. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa rafuni, na ile unayouziwa huenda imetoka kwenye gari la mwaka uleule na lako. Afadhali mpya ya kampuni ya kati kuliko iliyotumika yenye jina kubwa. Ukiuziwa zile ngumu sana zilizotengenezwa kwa ajili ya magari ya mashindano, ziache: zinaishika injini vizuri, lakini mtetemo wote zinauhamishia kwenye viti.

Je, ubadilishe zote kwa pamoja? Ikiwa moja imekatika kabisa, zilizobaki zimekuwa zikibeba mzigo wake na kuna uwezekano mkubwa kwamba nazo ziko njiani. Fedha ikiruhusu, badilisha seti nzima siku moja, lakini ufanye moja baada ya moja: toa ya kwanza, funga mpya yake, ndipo uiguse ya pili. Mwenye fedha pungufu aanze na ile iliyokatika.

Vifaa na mahali pa kufanyia kazi

Utahitaji jeki ya kitoroli ya tani 2 au zaidi, stendi mbili za kuegemeza gari, seti ya soketi pamoja na vipande vya kurefushia, mkono mrefu wa kulegezea bolti ngumu, mtaimbo mfupi, brashi ya waya, dawa ya kulegeza kutu, tochi, glavu na miwani ya kukinga macho. Kwenye Toyota nyingi bolti za mauntingi zina vichwa vya 14 na 17, na betri hufunguliwa kwa 10. Ukiwa na soketi hizo tatu zilizo nzima, umekamilisha sehemu kubwa ya safari. Spana yenye kipimo cha mkazo si anasa katika kazi hii. Usipokuwa nayo, iazime kwa fundi wa mtaani kwa siku moja. Jeki ndogo iliyokuja na gari kwa ajili ya kubadilishia tairi iache kwenye buti, kwa sababu haina uwezo wa kushusha kwa vipimo vidogo vidogo ambavyo kazi hii inavitaka.

Kingine ni kipande cha ubao cha kuweka kati ya jeki na injini, chenye unene wa inchi mbili hivi na upana wa kutosha kufunika sehemu kubwa ya chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Tumia mbao ngumu kama mninga au mvule. Mnazi, ambao ndio tulio nao kila kona ya pwani hii, una nyuzi zinazopasuka kwa urefu unapobanwa sehemu moja, na ubao ukipasuka jeki itaichoma sampu.

Mahali pa kufanyia kazi ni jambo la kulitafakari kwa uzito, kwa kuwa viwanja vyetu vingi ni mchanga. Magurudumu ya jeki huzama mchangani polepole bila kelele, na stendi huinama. Kama huna sakafu ya saruji, omba nafasi kwa mwenye nayo. Kuweka bati au ubao mwembamba juu ya mchanga hakutoshi, na hakuna mauntingi inayostahili mtu kuingia chini ya gari lililosimama hivyo.

Maandalizi ya usiku uliotangulia

Nyunyiza dawa ya kutu kwenye bolti na nati zote utakazozifungua, uziache zilale nayo. Hapa pwani hatua hii huokoa nusu ya jasho. Kwanza piga brashi ya waya kwenye nyuzi zinazoonekana, kwa sababu dawa haipenyi kwenye tabaka la mchanga, chumvi na oili kavu. Kisha piga picha nyingi kwa simu, kutoka juu na kutoka pembeni, zikionyesha kila waya na kila mpira ulio karibu.

Siku ya kazi

Anza asubuhi, saa 12 au saa 1, injini ikiwa baridi na jua halijachanganya. Weka P au gia ya kwanza, vuta hendibreki, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mbao mbele na nyuma. Fungua waya wa hasi wa betri, uusogeze mbali. Kama unahitaji kuingia chini ya gari kwa ajili ya mauntingi ya nyuma, liinue gari kwenye sehemu zake maalumu, liweke juu ya stendi, kisha lisukume kwa mkono kuthibitisha kwamba limetulia kabla hujaingiza hata kichwa. Jeki peke yake haimlindi mtu.

Nitaeleza kwa kufuata mpangilio ulio kwenye gari kama IST, ambalo injini yake iko upande wa kulia, kwa dereva, na giaboksi iko kushoto. Corolla za miaka ya 1990 zina mauntingi nne, pamoja na moja ya mbele, lakini njia ni ileile.

Mauntingi ya kulia ndiyo rahisi kuifikia, na ni vema kuanza nayo ili mkono uzoee. Ondoa chochote kilicho juu yake, kwa kawaida kopo la maji au bomba lililobanwa kwa klipu, bila kufungua bomba lolote la kiyoyozi, kwa kuwa lina gesi yenye shinikizo. Weka alama kwa rangi au chokaa pale brakti (mkono wa chuma unaoishika mauntingi) inapokutana na bodi, ili baadaye uone kama umerudisha mahali pake. Kisha ingiza jeki chini ya sampu pamoja na ubao wako, ukihakikisha kwamba bolti ya kumwagia oili haibanwi na ubao. Sampu ni bati jembamba. Ikipewa mzigo mahali padogo hubonyea, na ikibonyea inaweza kuziba kinywa cha pampu ya oili kilicho ndani yake. Kama sampu ya gari lako ni ndogo au imeshabonyea zamani, tafuta ukingo mgumu wa bloku ya injini uupe ubao huo.

Sasa pandisha jeki polepole mno. Weka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya injini, karibu na mauntingi, huku wa kulia ukisukuma jeki. Utahisi kabla hujaona: injini hujivuta juu kiasi kidogo kama mtu anayeshusha pumzi, na mpira uliokuwa umekandamizwa hufunguka. Simama hapo hapo. Ukiendelea utaliinua gari zima, na mauntingi itakuwa inavutwa badala ya kukandamizwa, jambo ambalo ni baya vilevile. Angalia mipira ya rejeta, nyaya na bomba la ekzosi. Hakuna kinachopaswa kuwa kimekazwa kama kamba ya ngoma.

Legeza bolti na nati zote robo mzunguko kabla ya kuitoa hata moja. Ikiwa kuna inayogoma, usiining'inie kwa uzito wa mwili. Rudisha upande wa kukaza kidogo, nyunyiza dawa, subiri, jaribu tena. Bolti iliyokatikia ndani ya brakti ya aluminiamu itakupeleka kwa mtu wa kuchonga vyuma, na siku itakuwa imeisha. Zikishalegea zote, toa zile zilizoshika upande wa injini, kisha za upande wa bodi, na uinyanyue mauntingi. Weka ya zamani kando ya mpya juu ya gunia, uzilinganishe tundu kwa tundu. Mpya itaonekana ndefu zaidi kwa kimo. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu ya zamani imeshuka.

Safisha mahali inapokaa mpaka chuma kionekane. Iweke mpya, na uingize kila bolti kwa vidole, angalau mizunguko minne au mitano, bila spana. Hapa ndipo subira huisha kwa wengi, kwa sababu karibu kila mara tundu moja hukataa. Mara ya mwisho nilipofanya kazi hii mpwa wangu ndiye aliyekuwa ameishika bolti ya mwisho.

"Mjomba, haingii. Inagonga chuma."

"Usiilazimishe. Tundu liko wapi?"

"Liko chini kidogo ya la bodi."

"Kama unene wa ukucha?"

"Hata ukucha haufiki."

Nikapandisha jeki kwa sukumo moja dogo, na bolti ikaingia kwa vidole viwili. Tundu la upande wa injini likiwa chini, pandisha; likiwa juu, shusha; likiwa mbele au nyuma, isogeze injini kwa mtaimbo ulioegemezwa kwenye chuma kigumu, kamwe si kwenye bomba wala kwenye kava la plastiki. Usitumie kidole kukagua kama matundu yamelingana wakati jeki imebeba mzigo. Tumia bisibisi. Injini ikihama milimita tatu, bisibisi utainunua nyingine.

Bolti zote zikishashika nyuzi, zikaze mpaka ziguse tu, kisha shusha jeki mpaka injini iketi kikamilifu juu ya mauntingi mpya. Itikise kwa mikono, mbele na nyuma, mara kadhaa, ili ijitafutie mahali pake. Hapo sasa, uzito ukiwa umeshuka, ndipo ukaze kwa kipimo. Namba sahihi zimo kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako, na hizo ndizo za kufuatwa. Kwa kuipa mikono yako picha tu, bolti ya milimita 10 ya daraja la 8.8, ambayo kwenye Toyota huwa na kichwa cha 14, kwa kawaida hukazwa kwa nyutonimita 45 hadi 50, na ya milimita 12 yenye kichwa cha 17 huwa karibu na 80. Mtu mwenye mkono mrefu wa spana anaweza kuzipita namba hizo bila kujua na kuharibu nyuzi za aluminiamu. Tena, usipake grisi kwenye nyuzi kwa kuhofia kutu, kwa sababu grisi huifanya bolti ikazike zaidi kuliko kipimo kinavyosoma. Kama unataka kuikinga na chumvi, paka grisi kidogo kwenye ncha inayobaki nje baada ya kumaliza kukaza.

Mauntingi ya kushoto inabeba giaboksi, na kwa kawaida imejificha chini ya betri. Toa betri pamoja na sahani yake, na pengine boksi la kichujio cha hewa. Jeki ihamie chini ya mwili mgumu wa giaboksi. Bakuli la oili ya gia ni jembamba kuliko hata sampu ya injini, kwa hiyo usiliguse. Yaliyobaki ni yaleyale, isipokuwa kwamba upande huu nyaya ni nyingi na nafasi ni finyu, na ukitoa bolti ya mwisho giaboksi huweza kushuka kidogo kwa ghafla kama jeki haikuwa imeibeba sawasawa. Ndiyo maana haifai kuzifungua mbili kwa wakati mmoja: ya kulia ikiwa imeshafungwa, giaboksi haina pa kwenda mbali.

Ya nyuma, iliyo chini karibu na krosimemba (chuma kinachokata upana wa gari), ndiyo inayopigana na ule mpinduko ulioushuhudia kwenye jaribio la D na R. Kwenye magari mengine ni kipande kizito cha mpira, na kwenye mengine ni fimbo fupi yenye bushi (pete ya mpira) kila mwisho. Ile ya fimbo haibebi uzito, lakini ukiitoa injini hubembea, kwa hiyo acha jeki na ubao viiguse kutoka chini ili itulie. Kwa aina zote mbili, bolti ndefu inayopita katikati ya bushi ikazwe mwisho kabisa, jeki ikiwa imeondolewa na injini ikiwa katika hali yake ya kupumzika. Bushi ikikazwa injini ikiwa imeinuliwa, mpira wake hujisokota, na hutafika Masasi kabla haujaanza kuchanika.

Baada ya kufunga

Hesabu zana zako, rudisha sahani, betri na kila klipu kwa kulinganisha na picha za simu, kisha uwashe. Rudia jaribio la D na R kwa tahadhari zilezile. Injini itajongea kidogo na kurudi bila kishindo. Ukihisi mtetemo mdogo usioujua kwenye usukani, usishtuke siku ya kwanza, kwa sababu mpira mpya ni mgumu kuliko ule uliouzoea na hulainika kwa matumizi. Mtetemo mkubwa ni habari nyingine: legeza bolti za mauntingi moja baada ya nyingine injini ikiwa imeketi, itikise, uzikaze upya. Mara nyingi tatizo huishia hapo, na ndivyo nilivyolimaliza lile la gereji bila kununua kitu.

Liendeshe gari kwa mwendo mfupi, kwa mfano kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani na kurudi, ukianza taratibu na kusikiliza unapobadilisha gia. Siku inayofuata, injini ikiwa baridi, tazama alama zako za rangi na uguse mipira ya rejeta kuona kama kuna inayovuja. Baada ya wiki moja pitisha tena spana ya kipimo kwenye kila bolti.

Gasiketi ya tapeti kava, kama ndiyo iliyoanzisha yote, ibadilishe kabla mpira mpya haujaonja oili. Na unaporudi kutoka ufukweni au kwenye tope la barabara za korosho, mwagia maji safi chini ya gari bila kulenga moja kwa moja kwenye nyaya na altaneta. Mauntingi ya zamani nimeihifadhi kwenye kibanda cha kuku, na kila anayekuja kuuliza kwa nini gari lake linagonga nampa aishike kwanza, aupinde ule mpira kwa vidole gumba, aone jinsi chuma kinavyotoka chenyewe.